Rael wa Bima na Mbu wa Ainabkoi

Mimi Zeinab nina mdomo, na wanaosema hivyo hapa Eldoret hawajanisingizia. Lakini siku hizi nikiwasikia vijana redioni wakihubiri tabianchi, tabianchi, kana kwamba wameigundua wao juzi, huwa natamani kupiga simu studio niwaambie wapunguze mbwembwe, kuna mwanamke aliyewatangulia. Hakuwa profesa. Alikuwa akiuza bima ya maisha mlango wa kando ya duka langu, mwaka wa 1988, na alivaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali.

Aliitwa Rael Jepchirchir. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja, meza, viti viwili, picha ya Rais ukutani kama kila duka, na kalenda ya kampuni yake ya Nairobi. Kati ya ofisi hiyo na duka langu la vitambaa kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Nilikuwa nasikia kila neno, wala sikuziba masikio. Mume wangu Osman, mwenye lori, alinionya mara nyingi kwamba mambo ya watu hayanihusu. Nikamwambia ukuta aliujenga mwenye nyumba, amlaumu yeye.

Kila Ijumaa Rael alinijia na fomu mkononi. Nami kila Ijumaa nilimwambia kwamba maisha yangu na ya Osman tumemwachia Mungu. Akasema na yeye pia kamwachia, ila Mungu hulipa karo kwa njia anazozijua Mwenyewe, na huenda bima ni mojawapo. Nilicheka, nikampa chai ya maziwa yenye iliki, na fomu ikarudi mkobani tupu. Tulienda hivyo miaka tisa na hatukugombana hata siku moja, na mimi kugombana nakujua.

Mwanzoni alijaribu Elgon View, kwa wenye majumba na magari. Huko alijuana na mbwa kuliko wenyewe. Daktari mmoja alimwambia aje kesho mpaka kesho zikawa mwaka mzima. Ndipo akageukia Ainabkoi, kule juu kwa wakulima na walimu, karibu futi elfu nane, mahali ambapo chai hupoa kabla hujaketi. Kule walimsikiliza. Hakuwatajia wazee kifo chao ndani ya nyumba zao, maana huko hilo ni kukosa adabu kabisa. Aliwaambia tu kwamba watoto watasoma, upende usipende. Wakaweka sahihi.

Shida ilikuwa tarehe ya kuzaliwa. Kampuni ilitaka siku, mwezi na mwaka, na mzee wa Ainabkoi alijua rika lake tu. Basi Rael alikuwa anamtafuta mama au shangazi wa mtu na kuuliza siku ile hali ya hewa ilikuwaje. Wamama hawasahau. Huyu alizaliwa mwaka mvua ya mawe ilipotoboa mabati ya kanisa. Yule alizaliwa sakitu ilipounguza viazi, ile baridi nyeupe inayolala juu ya majani alfajiri. Yote aliyaandika kwenye daftari moja jeusi, sakitu kwa sakitu, mvua kwa mvua, akalinganisha mpaka mwaka ukapatikana. Nairobi walifikiri ana rejista ya serikali.

Na kwenye fomu kulikuwa na swali moja ambalo watu wa Ainabkoi walilijibu wakicheka: je, unaishi au hutembelea mahali penye malaria? Wapi. Malaria ilikuwa ugonjwa wa walioshuka bonde la Kerio, au Kisumu, au kwetu Garissa. Mbu kule juu hakujulikana. Wote walijibu hapana, na kwa jibu hilo kampuni iliwatoza kidogo kuliko watu wa joto.

Sasa sikiliza. Mwaka huo wa 1988, baada ya mvua ndefu, Mwalimu Kipkorir wa Ainabkoi aliugua. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, na Rael alimwandikia bima kati ya wale wa kwanza kabisa. Alitetemeka, wakasema ni baridi. Wakawasha moto, wakamfunika blanketi nne, wakampa mursik, yale maziwa ya mgando. Alipofikishwa hospitalini Eldoret alikuwa amechelewa. Karatasi ya daktari ikaandika malaria. Nilienda mazishini na Osman, tukalia na waliolia.

Mkewe Hellen alipeleka karatasi zake kwa Rael, Rael akazituma Nairobi, na barua ikarudi. Niliisikia ikisomwa. Ilisema marehemu alikuwa ametoa maelezo yasiyo ya kweli, kwa kuwa Ainabkoi hakuna malaria, na aliyekufa kwa malaria bila shaka alikuwa akishuka mahali pa joto mara kwa mara na akaficha. Kwa hiyo hawalipi.

Barua ikifika kijijini inakuwa na miguu. Sijui ni nani aliyeitoa, lakini kabla ya Jumapili mbili Ainabkoi nzima ilikuwa imeielewa kwa namna yake. Mwanamume wa huku juu akipatikana na malaria maana yake ni moja tu: ana mahali huko chini anapolala. Na mwanamume akiwa na mahali pa kulala, pana mtu wa kumtandikia. Chelimo, jirani wa Hellen na kiongozi wa kwaya, ndiye aliyekuwa na habari kamili. Alijua mpaka upande wa bonde la Kerio ambako mke mdogo anakaa, na kwamba ana mbuzi wengi. Huyo mwanamke hakuna aliyemwona, lakini mbuzi wake walijulikana.

Hellen akaja ofisini. Alikuwa amevaa koti la marehemu. Mimi nilikuwa na mteja upande wangu, nikamwashiria anyamaze.

"Rael," akasema, "pesa wakae nazo. Mimi nitalima viazi, watoto watasoma. Nataka kujua kitu kimoja. Hizo Jumamosi alikuwa anasema ameenda kusimamia matofali ya shule, alikuwa anaenda wapi?"

Nilisikia kiti cha Rael kikisogea. Akamwambia ampe wiki tatu.

Huo ndio mzigo aliojitwika, na mimi nilimwona mjinga, nikamwambia. Utathibitisha vipi mahali ambapo mtu hakwenda? Lakini yeye alikuwa ameshaandika barua kali Nairobi, kwamba Ainabkoi kuna malaria na kampuni ndiyo haijui. Nairobi wakajibu kwamba mkaguzi wao, Bwana Wamalwa, atafika Eldoret tarehe ishirini kufunga faili hilo. Akionyeshwa mbu Ainabkoi, vema. Asipoonyeshwa, faili litafungwa, na wakala aliyejaza fomu za uongo atafute kazi nyingine.

"Mama Ali," akaniuliza asubuhi jibu hilo lilipofika, "wewe umezaliwa na mbu. Wanaweza kupanda mpaka Ainabkoi?"

Nikamwambia mbu hana haja ya kibali cha chifu. Anataka maji yaliyotuama na joto kidogo, basi. Kwetu Garissa alikuwa na vyote, ndiyo maana tulikula naye sahani moja. Rael akafungua daftari lake jeusi. Tulikaa kwenye gunia la vitambaa tukahesabu. Wazee waliozaliwa mwaka wa sakitu, wengi. Watu wa makamo, wengi. Kisha sakitu zikaanza kuachana, na kwa watoto wa miaka kumi na miwili kushuka chini, hakuna hata mmoja. Aliuliza wamama wote na hakuna aliyekumbuka viazi kuungua tangu hapo. Rael alinitazama akiwa na kofia yake ya sufu kichwani, kisha akaivua taratibu akaiangalia.

"Baridi imeondoka," akasema, "na sisi tumebaki na makoti."

Niliipenda hiyo. Lakini daftari si mbu. Akaenda kumwona Adongo, fundi wa maabara, mtu wa ziwani aliyewahi kufanya kazi na wapimaji wa malaria Kisumu. Adongo akamwambia asihangaike kukimbiza mbu na kofia. Mbu wa malaria akishakula hupumzika ndani ya nyumba hiyo hiyo, ukutani au chini ya dari. Unaingia asubuhi na mapema, unatandika shuka nyeupe kila mahali, unafunga madirisha, unanyunyiza dawa, unatoka. Baada ya dakika kumi waliomo wote wako chini, unawaokota kama maharagwe. Rael akauliza dawa gani. Adongo akasema ni pareto iliyolowekwa kwenye mafuta ya taa.

Rael alirudi dukani kwangu akicheka mpaka nikamletea maji. Kwa sababu unajua Ainabkoi walikuwa wanalima nini? Pareto. Kila shamba lilikuwa na yale maua meupe. Waliyachuma, wakayakausha kwenye mikeka, wakayapeleka yote kwenye ushirika, na ushirika ukayapeleka yatengenezwe dawa ya kuua mbu wa dunia nzima. Hakuna hata nyumba moja iliyobakisha konzi kwa ajili yake. Wangebakisha ya nini, na mbu hawapo?

Hellen alitoa debe zima la maua makavu. Tuliyatwanga nyuma ya duka langu, mimi nikipiga chafya kila mara mchi ukishuka, tukayaloweka siku mbili kwenye mafuta ya taa na kuyachuja kwa kitambaa changu kizuri ambacho hakikufaa tena kitu. Shuka nazo zilitoka kwangu, marekani nyeupe, jora zima. Osman akauliza nani analipa. Nikamwambia bima.

Tarehe ishirini tulipanda na lori la Osman, mapema, umande ukiwa bado. Bwana Wamalwa alikuja nyuma yetu na gari la kampuni, amevaa tai na viatu vya kung'aa, akaruka madimbwi kama mbuzi mpaka uani kwa Hellen. Alikuwa mtu wa heshima. Alimpa Hellen pole kwanza, akamwita mama, ingawa barua ile yeye ndiye aliyekuwa ameibeba kwenye mkoba. Alitutajia kwamba ametoka Bungoma, na kwamba hajawahi kusafiri mbali hivi kutazama mbu ambao kwao wangemfuata wenyewe.

Ua ulikuwa umejaa. Ainabkoi nzima ilikuja, Chelimo mbele na kwaya yake nyuma. Ndipo akafika naibu wa chifu na fimbo yake, akauliza mkutano huu una kibali cha nani. Miaka ile watu watano wakisimama pamoja ilikuwa ni swali. Sisi tukatazamana. Hellen akasema ni maombi. Maombi hayakuhitaji kibali, lakini naibu wa chifu alisimama pale kusubiri ayasikie, kwa hiyo ilibidi mchungaji aombe, na mchungaji wa Ainabkoi akianza hajui kufupisha. Aliomba kwa ajili ya Rais, shule, ng'ombe, mvua, lori la Osman na wageni wa Nairobi, na nilimsikia waziwazi akiomba mbu wapatikane kama ni mapenzi ya Bwana. Naibu wa chifu akaitikia amina pamoja na wengine, akaweka fimbo chini na kuomba kiti.

Tukaanza na sebule. Tulitandika shuka, tukafunga madirisha, Rael akaingia na pampu ya kunyunyizia kabichi, akatoka macho yakimtoka machozi. Dakika kumi. Bwana Wamalwa akaingia wa kwanza. Chini kulikuwa na nzi, nondo mmoja mkubwa, na buibui aliyekunja miguu. Mbu hakuna.

Nje nikasikia Chelimo akisema kitu na wengine wakiguna. Jikoni, hakuna. Chumba cha watoto, mende watatu. Bwana Wamalwa aliangalia saa yake bila ubaya, kama mtu anayejua safari ya kurudi ni ndefu. Kilichonikata maini ni uso wa Hellen. Haukuwa na hasira. Ulikuwa umeanza kukubali, na mimi sikuweza kuutazama, nikajifanya nakung'uta shuka.

Kilibaki chumba chake cha kulala. Ilionekana hakutaka tuingie. Ndani mlikuwa na kitanda chao, kiatu kimoja cha Mwalimu chini yake, na nguo zake zimetundikwa msumarini. Dirisha lake lilitazama shule, na kati ya dirisha na shule kulikuwa na mashimo walikochimba udongo wa matofali ya darasa la harambee. Mashimo yale yalikuwa yamejaa maji ya mvua. Rael alisimama dirishani akayatazama, akahesabu hatua kwa macho, kisha akaanza kutandika shuka haraka mno. Alitandika sakafu, akatandika kitanda, akatandika hata juu ya kiti. Alinyunyiza mpaka pampu ikakohoa.

Hizo dakika kumi nilisoma kila dua niijuayo.

Bwana Wamalwa akafungua mlango. Alisimama, halafu yule mtu wa tai na viatu vya kung'aa akapiga magoti sakafuni. Juu ya marekani yangu nyeupe walikuwa wamelala, wembamba, miguu juu, mmoja hapa, watatu pale, na juu ya kitanda wengi zaidi. Baadhi matumbo yalikuwa mekundu. Alimchukua mmoja kwa ncha ya kalamu akampeleka penye mwanga.

"Hawa nawajua tangu nikiwa mtoto," akasema. "Huyu mbawa zake zina madoadoa. Ndiye mwenyewe. Walipandaje huku?"

Rael akampa daftari. Alilisoma palepale, magoti yake kwenye shuka, sakitu moja baada ya nyingine, mpaka pale zilipokatika. Alirudi nyuma kurasa mbili akasoma tena. Kisha akasema polepole kwamba kampuni ina wataalamu watatu wa kuhesabu vifo na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza viazi.

Ya baadaye niyamalizie hapa hapa, maana nataka kurudi chumbani. Tuliwahesabu ishirini na tisa, wakaenda mjini ndani ya sanduku la kibiriti, Adongo akawapima na kuweka sahihi. Kampuni ililipa kabla ya Krismasi, na barua mpya ikasema marehemu alijibu ukweli kama alivyoujua. Swali lile la fomu waliliandika upya. Walitaka pia kupandisha ada ya watu wote wa juu, ndipo Rael alipowasumbua kwa barua mwaka mzima mpaka wakakubali kwamba nyumba inayonyunyiza pareto yake iachwe na ada ya zamani. Alizunguka boma kwa boma akihakikisha, na mteja aliyekuwa na homa alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo, atake asitake. Alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba hawana ruhusa ya kufa kabla ya mkataba kuisha. Wengi walimtii. Mimi niliuza vyandarua mpaka Timboroa, na nilifurahi sana, sitaficha.

Lakini asubuhi ile, Rael na Bwana Wamalwa wakiwa wanaokota mbu, Hellen alikuwa bado mlangoni. Aliingia taratibu. Akaketi ukingoni mwa kitanda, upande ambao nadhani haukuwa wake, akaweka mkono juu ya shuka katikati ya wale mbu. Alitazama dirisha, akatazama mashimo ya matofali, yale ya Jumamosi.

"Kumbe alikuwa nyumbani," akasema.

Rael akaacha kuokota. Mimi nilianza kulia, na si kawaida yangu kulia kwa watu. Hellen hakulia. Kitu kilianza kutikisika mabegani mwake, nikafikiri ndiyo hayo machozi, kumbe ni kicheko. Alicheka akiwa ameinama, alicheka mpaka akajishika mbavu, na Bwana Wamalwa akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Kisha Hellen akamwokota mbu mmoja, aliyenona kuliko wote, akamweka kwenye kiganja, akatoka naye uani mbele ya mchungaji, naibu wa chifu na kwaya nzima. Alienda moja kwa moja mpaka kwa Chelimo na kumfungulia kiganja usoni.

"Chelimo," akasema, "msalimie mke mwenzangu."